Kuokoka na Kuokolewa: Enzi ya Mungu na Hiari ya Mwanadamu katika Lugha ya Wokovu ya Wakristo wa Singida

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano wa enzi ya Mungu na hiari ya mwanadamu katika wokovu kwa kuchunguza vitenzi ambavyo Wakristo wa mkoa wa Singida huvitumia wanapouzungumzia wokovu huo. Hoja inayojengwa ni kwamba mvutano ambao kwa kawaida huelezwa kuwa ni wa Walutheri na Wapentekoste ulikuwamo ndani ya Ulutheri wenyewe tangu ulipoingia mkoani, na kwamba kitenzi "okoka", hasa kinapotumiwa katika hali ya amri, kimeubeba mvutano huo kwa namna ambayo istilahi za kitaalamu hazijaweza. Makala yanaonyesha pia mahali ambapo ufafanuzi huo unakwama, yaani hatima ya wazee waliofariki kabla ya Injili kufika.

Maneno muhimu: hiari, neema, uteule, okoka, Ulutheri, Singida

Utangulizi

Kijana wa Kilutheri anayejiandaa kwa kipaimara hujifunza Katekisimu Ndogo ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529. Akifika kwenye ufafanuzi wa sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume, hufundishwa kwamba imani yake haikutokana na akili wala nguvu zake. Ameamini kwa sababu Roho Mtakatifu amemwita. Kijana huyohuyo akihudhuria mkutano wa Injili kiwanjani, husikia mwaliko wa namna nyingine: akate shauri leo, ampokee Yesu, aokoke, kwa kuwa kesho si yake. Haoni kwamba ameambiwa mambo mawili. Aliyakariri ya kwanza na akayaitikia ya pili, pengine katika juma moja.

Mwanateolojia, kwa upande wake, huona tatizo la zamani sana. Ikiwa Mungu ndiye anayeokoa, na anaokoa anayemtaka, uamuzi wa kijana yule kiwanjani una uzito gani? Na ikiwa uamuzi wake ndio uliokamilisha jambo, ile sehemu ya tatu ya Imani aliikariri ya nini? Swali hili lina matokeo katika maisha ya usharika. Anayeamini kwamba wokovu ulianza siku aliyoamua hulazimika kuuona ubatizo wake wa utotoni kuwa ni maji matupu, na wapo wanaobatizwa upya kwa sababu hiyo. Yule aliyeamua, kisha akaanguka, kisha akaamua tena, huishia kuutilia shaka kila uamuzi wake. Wote wawili humrudia mchungaji, naye huhitaji maelezo bora kuliko kuambiwa kwamba jambo hili ni fumbo.

Ulutheri uliofika Singida

Injili ya Kilutheri ililetwa Iramba na wamisionari wa Leipzig kutoka Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita viliikatisha kazi hiyo. Katika miaka ya 1920 wamisionari wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani waliishika Iramba na kuendelea hadi kwa Wanyaturu. Shughuli zao za tiba na elimu, zikiwamo za Kiomboi na Kinampanda, zimeacha alama hadi leo. Mwaka 1963 makanisa ya Kilutheri nchini yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambamo Singida ni makao ya Dayosisi ya Kati.

Asili ya Augustana ina maana kubwa kwa mjadala huu. Sinodi hiyo iliundwa mwaka 1860 na wahamiaji kutoka Skandinavia, na wengi wa Waswidi waliokuwamo walikuwa wamelelewa katika uamsho wa kwao: mikutano ya kusoma Neno majumbani, toba ya mtu binafsi, na msisitizo kwamba kuzaliwa katika Kanisa hakumfanyi mtu kuwa Mkristo wa kweli. Wakati huohuo walishikilia Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Ibara ya 18 ya Ungamo hilo inakubali kwamba mwanadamu ana uhuru fulani katika mambo ya maisha ya kawaida yanayopimwa kwa akili, lakini inakana kwamba anaweza kuufikia uadilifu wa kiroho mbele za Mungu bila Roho Mtakatifu. Nyuma ya ibara hiyo kipo kitabu alichokitoa Luther mwaka 1525, De servo arbitrio, akimjibu Erasmus wa Rotterdam aliyekuwa ameitetea hiari ya mwanadamu mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo mafundisho yaliyofika Singida yalikuwa na pande mbili tangu mwanzo. Ungamo lilisema mwanadamu hawezi. Roho ya uamsho ilimtaka aamue. Kuyalaumu makanisa ya Kipentekoste kwamba ndiyo yaliyoingiza lugha ya uamuzi katika sharika za Kilutheri, kama inavyosikika mara kwa mara, ni kuisahau historia hiyo. Kilichotokea baadaye, kwanza kupitia Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kisha kupitia makanisa ya Kipentekoste, ni kwamba upande mmoja wa urithi huo ulipata sauti kubwa zaidi.

Wakatoliki wa mkoa, ambao jimbo lao liliundwa mwaka 1972, wana jibu lao lililowekwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1547: neema hutangulia, na hiari iliyoguswa na neema hiyo huitikia na kushirikiana nayo, ikiwa na uwezo wa kuikataa. Jibu hilo linaeleweka kwa urahisi zaidi kuliko la Luther. Kama linatosha ni suala jingine, na litarejewa. Msimamo wa Sinodi ya Dort ya mwaka 1618 hadi 1619, kwamba Mungu ameteua watu fulani bila masharti yoyote yaliyo ndani yao, una wafuasi wachache mkoani na hauhitaji kuchukua nafasi hapa.

Vitenzi vya wokovu

Wakristo wengi hawalizungumzi jambo hili kwa istilahi za "uteule" na "utashi". Hulizungumza kwa vitenzi. Muumini hubatizwa, huitwa, huchaguliwa na huzaliwa mara ya pili. Vitenzi hivyo vyote viko katika kauli ya kutendwa, na hakuna anayejizaa. Muumini huyohuyo huamini, hutubu, hukiri, humpokea Yesu na kukata shauri, na hapo yeye ndiye mtenda. Katikati ya makundi hayo mawili kinakaa kitenzi kinachotumika kuliko vyote: okoka.

Kisarufi, "okoa" ina wanandugu wawili wanaohusika na mjadala huu. "Okolewa" ni kauli ya kutendwa na hudai mtenda hata asipotajwa. "Ameokolewa" huacha wazi swali la nani aliyemwokoa, na jibu linaweza kufuata: ameokolewa na Mungu. "Okoka" hufunga mlango huo. Mtu ameokoka katika ajali. Aliyemwokoa, ikiwa yupo, hana nafasi ndani ya sentensi. Mtu akisema "ameokoka na Mungu", msikilizaji hatamchukua Mungu kuwa mtenda wa tendo hilo. Jozi hii ya okoa na okoka ni ya familia ya inua na inuka, geua na geuka, fufua na fufuka, pasua na pasuka. Wanaisimu huitofautisha na jozi za aina ya vunja na vunjika, lakini makundi yote mawili yanafanana katika hili: yanataja hali au badiliko na kunyamaza kuhusu aliyelisababisha.

Ukimya huo umeingia katika Biblia ya Muungano, ambayo ilikamilika mwaka 1952 na imekuwa Biblia ya sharika nyingi nchini. Unabii wa Yoeli kuhusu kuliitia jina la Bwana umetajwa mara mbili katika Agano Jipya, katika Matendo 2:21 na katika Warumi 10:13. Katika Kigiriki kitenzi ni kilekile, katika umbo lilelile la kutendwa. Katika Kiswahili Petro anasema "ataokolewa" na Paulo anasema "ataokoka". Askari wa gereza la Filipi (Matendo 16:30) anauliza afanye nini apate "kuokoka", ingawa Kigiriki kimetumia kauli ya kutendwa. Mfano ulio mzito zaidi ni Matendo 2:40, ambapo amri ya Kigiriki iliyo katika kauli ya kutendwa imekuwa "jiokoeni", kitenzi cha kujitendea kabisa. Kiswahili hakikuwa peke yake katika tafsiri hiyo. Hata hivyo, anayelisoma neno hilo bila maelezo ana haki ya kudhani kwamba siku ya Pentekoste watu waliambiwa wajiokoe wenyewe, sura moja tu kabla ya Petro kuwa njiani kwenda kueleza kwamba kiwete wa mlango wa hekalu hakutembea kwa nguvu za mitume.

Haifai kuwalaumu watafsiri. "Okoka" ni Kiswahili kizuri, na mahali pengi "okolewa" ingesikika nzito. Kinachostahili kuangaliwa ni safari ambayo neno lilifanya baada ya hapo. Katika matumizi ya kawaida kuna vitenzi vya familia hii vinavyokubali amri na vingine visivyokubali. Mtu huambiwa inuka, geuka, zinduka. Nguo haiambiwi pasuka. Kuokoka katika ajali kuko upande wa nguo: hakuna anayemwamuru abiria aokoke wakati basi linapopinduka. Lakini katika mahubiri "okoka" imehamia upande wa inuka na geuka. "Okoka leo" ni agizo, na anayelitii husimama, hupita mbele, huongozwa sala. Tangu hapo "nimeokoka" husikika kama taarifa ya tendo lililotendwa na msemaji, na tarehe yake huweza kutajwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba jina la watu waliolieneza zaidi neno hilo linasema kinyume. "Mlokole" limetoka Luganda, katika kitenzi chenye maana ya kuokoa, na irabu e iliyo mwishoni ni ileile inayoonekana katika "mteule" na "kiumbe": ni alama ya aliyetendwa. Mteule hakujiteua, kiumbe hakujiumba. Mlokole anayeshuhudia kwamba ameokoka siku fulani, saa fulani, kwa uamuzi wake, anaitwa kwa jina linalotangaza kwamba kuna mwingine aliyetenda.

Amri na uwezo

Je, basi, amri ya "okoka" inathibitisha kwamba mwanadamu ana uwezo wa kuokoka? Hilo ndilo hasa lililobishaniwa na Erasmus na Luther. Erasmus alikusanya amri za Maandiko, kama ile ya Kumbukumbu la Torati 30 ya kuchagua uzima, akasema zingekuwa dhihaka kama anayeamriwa hana uwezo wa kuchagua. Luther alimjibu kwa hoja ya sarufi: amri huonyesha linalopasa kufanyika, haionyeshi kwamba anayeamriwa anaweza kulifanya. Kwake amri humfikisha mtu kwenye kutambua kwamba hawezi, ili aache kujitegemea.

Jibu hilo ni sahihi kisarufi, lakini peke yake linamfanya mhubiri kuwa mtu anayewaagiza watu jambo lisilowezekana ili washindwe. Maandiko yana aina nyingine ya amri, na ni hiyo inayoisaidia zaidi "okoka" ya Kiswahili. Katika Yohana 11 Yesu anamwita Lazaro atoke kaburini. Maiti haina hiari. Wala Lazaro hakubebwa kutolewa nje. Alitoka mwenyewe, kwa miguu yake, ingawa imefungwa. Amri ilikuja na uwezo wa kuitii. Kitenzi cha tukio hilo, fufuka, ni ndugu wa okoka: mfu amefufuliwa na Kristo, na ni yeye mfu aliyefufuka, wala hakuna aliyefufuka kwa niaba yake. Kwa kipimo hiki "nimeokoka" si lazima iwe majivuno. Inaweza kuwa neno la mtu aliyezinduliwa anayesema amezinduka. Kosa huanza pale "okoka" inapokatwa kutoka kwa "okolewa" na kudai kujitosheleza.

Neno "hiari" lenyewe linahitaji kuangaliwa, kwa kuwa limepewa kazi mbili. Methali husema hiari yashinda utumwa, na hapo hiari ni moyo wa kutenda bila kushurutishwa. Luther hakuikana hiari ya namna hiyo. Alisisitiza kwamba mwenye dhambi hatendi dhambi kwa kuburutwa. Anaitenda kwa kupenda. Alichokikana ni uhuru wa mtu kuubadili upendo huo kwa nguvu zake. Kwa Kiswahili, basi, inawezekana kusema bila kujipinga kwamba mwanadamu asiye na neema ana hiari na hana uhuru: anafanya apendalo, na hawezi kupenda vingine. Wanaotafsiri mjadala wa mwaka 1525 kwa kusema Luther "alikana hiari" wanamfanya aseme jambo ambalo msomaji yeyote wa Kiswahili atalikataa kwa kuangalia maisha yake mwenyewe, na atakuwa na haki.

Shamba na mkulima

Mfano unaojitokeza wenyewe katika mkoa wa nusu-ukame ni wa mvua. Singida ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mkulima wa uwele, mtama au alizeti hawezi kuileta, na asipolima, mvua ikija haimfai. Mungu hutoa mvua, mwanadamu hutoa jembe. Mfano una mizizi mirefu. Kwa Wanyisanzu wa Mkalama, ambao Todd Sanders ameandika habari zao katika kitabu cha mwaka 2008, mvua ilihusishwa na watawala wa Kirumi na matambiko yaliyowahitaji wanaume na wanawake pamoja. Mwenendo wa watu uliweza kuizuia. Anayetoka katika mazingira hayo hapati shida kuuelewa ushirikiano wa Mungu na watu.

Ni kwa sababu hiyo mfano huu una hatari. Unafaa sana kueleza msimamo wa Trento, na unaweza kueleza pia utakaso wa mtu aliyekwisha kuamini, ambao Paulo anauzungumzia katika Wafilipi 2:12-13 kwa kumtaja mwanadamu na Mungu katika pumzi moja. Kwa habari ya mwanzo wa imani, mafundisho ya Kilutheri yanaweka watu mahali pengine ndani ya mfano. Katika 1 Wakorintho 3 wanaopanda na kutia maji ni wahubiri. Waumini wenyewe ni shamba. Shamba halina jembe. Shamba ambalo halijalimwa haliwezi hata kuitamani mvua, na likichipua, ni lenyewe lililochipua. Mhubiri anayetumia mfano wa mvua anapaswa kwanza kuamua msikilizaji wake ni nani ndani yake. Wengi hawaamui, na mahubiri huanza na shamba yakaishia na mkulima.

Wazee

Hadi hapa ufafanuzi umeshughulika na mtu aliyesikia mwito. Ipo familia ya kila namna mkoani Singida ambayo, ukirudi nyuma vizazi vitatu au vinne, hukuta watu wasiousikia kamwe. Babu aliyefariki Iramba mwaka 1905 hakukataa Injili. Hakuna mmisionari aliyekuwa amefika kwake. Katekumeni anayefundishwa kwamba nje ya Kristo hakuna wokovu hulifikia swali hili bila kusaidiwa na kitabu chochote, na huliuliza kwa sababu babu huyo ana jina, na pengine jina hilo ndilo analoitwa yeye.

Hapa nadharia zote mbili zinapungukiwa. Anayeuweka wokovu katika uamuzi wa mtu hana la kusema kuhusu ambaye hakupewa la kuamua. Anayeuweka katika uteule wa Mungu analazimika kueleza kwa nini uteule ulifuata njia za meli na mipaka ya makoloni. Hati ya Kilutheri ya mwaka 1577, Formula Concordiae, inafundisha kwamba anayeokolewa huokolewa kwa neema tupu, na anayepotea hupotea kwa kosa lake, kwa kuwa aliupinga mwito uliotolewa kwa kweli kwa wote. Kutokulingana huko kwa pande mbili kuna hekima yake: kunamzuia mtu asijisifu na kunamzuia asimfanye Mungu kuwa chanzo cha uovu. Lakini nusu yake ya pili inamhusu aliyeupinga mwito. Babu wa mwaka 1905 hayumo katika sentensi hiyo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilijibu swali hili mwaka 1964, katika aya ya 16 ya Lumen Gentium, kwa kuacha wazi mlango wa wokovu kwa wale ambao, bila kosa lao, hawakuijua Injili na walimtafuta Mungu kwa moyo wa kweli wakisukumwa na neema. Walutheri hawana tamko lenye uzito kama huo. Wana Warumi 2:14-16, panapotaja sheria iliyoandikwa moyoni. Wana 1 Petro 3:19 na 4:6, zilizofasiriwa kwa namna nyingi mno kuweza kubeba fundisho peke yake. Kwenye misiba husikika kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na mara nyingi kauli hiyo ndiyo hulifunga swali kabla halijajibiwa. Inalifunga isivyostahili. Aliyeuliza kuhusu babu yake hakudai kwamba Mungu amekosea. Alitaka kujua kama Mungu anayehubiriwa ndiye yuleyule aliyeinyeshea mvua Iramba kabla hajahubiriwa.

Vitenzi vilivyochunguzwa hapo juu vinaonyesha mipaka ya linaloweza kusemwa. Kuhusu wazee hao hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba waliokoka, kwa maana ya kuitikia kwa kinywa chao. Hakuna pia anayeweza kukana kwamba waliokolewa, kwa kuwa mtenda wa kitenzi hicho hayuko chini ya uchunguzi wa mtu. Linalobaki ni umbo la ombi, "waokolewe", na kuhusu ombi hilo mapokeo ya Kilutheri si makali kama inavyodhaniwa. Apologia ya Ungamo la Augsburg ya mwaka 1531, katika ibara ya 24, inakataa misa kugeuzwa kuwa dhabihu kwa ajili ya wafu, na papo hapo inasema kwamba kuwaombea wafu hakukatazwi. Sentensi hiyo fupi haifundishwi sana katika madarasa ya ubatizo.